Mashine Isiyosikia Baada ya Salamu

Juzi vijana wa kitengo mlipokuwa mnasafisha stoo mlinitumia picha kwenye simu: kicharazio kinene cha rangi ya chai ya maziwa, kimefungwa kamba ya katani, kimelala chini ya feni mbovu. Mkaniuliza kama ni mashine ya kuandikia au ya kushonea. Nimestaafu, muda ninao, na wajukuu wako mbali hawawezi kunikatiza, kwa hiyo mtanisamehe nikiwajibu kwa urefu. Ile ni kompyuta, tena ilifanya kazi kubwa kuliko baadhi ya watu waliokuwa wanaifuta vumbi.

Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Wanaozipenda waende masjala. Nitaandika juu ya lugha moja ya kompyuta, BASIC, ambayo Fundi Gervas aliitamka Besiki, na tabia zake za ajabu, na juu ya mama mmoja ambaye ilibaki kidogo anyang'anywe funguo kwa sababu ya adabu zake nzuri.

Nilifika Kibondo nikitokea Tanga, binti wa mjini mwenye cheti cha uhazili na kikoti kimoja chepesi. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba huku juu asubuhi kuna baridi ya kweli. Nilipangiwa ghala la chakula cha wakimbizi, na siku ya kwanza meneja alinionyesha sanduku lililoletwa na wafadhili, halijafunguliwa. Akasema, "Wewe si umesomea kupiga chapa? Hii nayo ina vitufe." Huo ndio usaili niliofanyiwa wa kuingia fani ya kompyuta, na ninaamini niliufaulu vizuri.

Ndani ya sanduku mlikuwa na kicharazio hicho mlichokiona, ambacho ndicho kompyuta yenyewe, waya wa kuiunganisha na televisheni, na kinasa sauti cha kuhifadhia programu kwenye kaseti. Ndiyo, kaseti zile zile za muziki. Ukiicheza programu kwenye redio unasikia sauti ya vitunguu vikikaangwa. Mtu pekee aliyeielewa mashine ile alikuwa Gervas, fundi wa redio na majokofu, Mha wa Kasulu, mrefu na mpole, bisibisi sikioni mahali ambapo wenzake huweka kalamu. Kitabu cha maelekezo alikuwa amekisoma mpaka jalada likaachia. Nilichokijua miaka ya mwanzo chote nilikipata kwake, na hakuwahi kunipa jibu kabla hajanicheka kidogo.

"Besiki ni mtumishi mtiifu, dada Mwanaidi," aliniambia. "Tatizo lake anasoma haraka haraka."

Programu yetu ilikuwa mistari yenye namba: kumi, ishirini, thelathini. Tuliruka makumi ili mstari mgeni ukija upate pa kukaa. Ukiandika upya mstari wenye namba ile ile, wa zamani unafutika na mpya unachukua nafasi, wala huulizwi kama una uhakika. Ukiandika namba peke yake bila neno, mstari wenye namba hiyo unatoweka kabisa. Mama Perusi, mtunza ghala letu, aliona televisheni inawaka, akadhani mashine inasubiri idadi ya magunia, kumbe programu ilikuwa haijaanza. Akaandika hamsini, akabonyeza, akaenda kunywa chai. Tukatafuta mstari wa hamsini asubuhi nzima.

Kisha yakaja majina. Ukitaka mashine ikumbuke kitu, unakipa jina, nami kama Mswahili nikaandika MAHINDI, MAHARAGE na MAFUTA. Nilijaza kila kimoja kwa uangalifu. Jioni mashine ikatoa jumla: mahindi, maharage na mafuta yote yalikuwa sawasawa. Mama Perusi akaitazama televisheni, akanitazama mimi.

"Mashine yako ni ya ujamaa," akasema. "Imewagawia wote sawa."

Gervas alicheka, kisha akanieleza kwamba Besiki ile inasoma herufi mbili za mwanzo za jina, zinazobaki inazipita. Kwake mahindi, maharage na mafuta ni kitu kimoja kinachoitwa MA. Kwa Mzungu aliyeitengeneza haikuwa shida, maana maneno yake yanaanza kila moja kivyake. Tukasema basi tutumie Kiha. Gervas akaandika ibigori, akaandika ibiharage, akasimama, akaangalia alichoandika, akafuta kimya kimya. Mwishowe mahindi yakaitwa A, maharage B, mafuta C, na heshima ya chakula ikaishia hapo.

Tabia yake ya pili ilinitesa zaidi. Lugha ile haikujali nafasi kati ya maneno, kwa hiyo ilikuwa inachungulia ndani ya kila jina kutafuta amri zake. Niliandika MIFUKO, ikakataa, ikanitolea tangazo la kosa. Nikaandika tena kwa herufi zilizotengana, ikakataa. Ilikuwa imeona IF katikati ya mifuko, ikadhani ninaanza kuiwekea sharti. WATOTO ilikataa kwa sababu ya TO, ambayo kwake ni amri ya kuhesabu kutoka hapa mpaka pale. FOROMANI ilikuwa na FOR, na foromani wetu alipoambiwa kwamba kompyuta haimtaki, alinuna wiki nzima. Sikuwahi kufanya kazi na kitu kinachosikiliza kwa makini kiasi kile maneno ambayo hayajasemwa.

Baadaye mimi na Gervas tulihamishiwa Kasulu, na mashine tukahama nayo. Kituo kipya kilikuwa ghala la chanjo lililohudumia kambi ya Mtabila na vijiji vya jirani. Kazi ya chakula ni kuhesabu. Kazi ya chanjo ni joto. Chanjo ikae kati ya nyuzi mbili na nane. Ikipata joto inakufa, na ubaya wake ikishakufa haibadiliki rangi wala harufu. Muuguzi anamchoma mtoto, mama anashukuru, na mtoto anarudi nyumbani hana kinga yoyote.

Aliyetunza ghala lile alikuwa Mama Veneranda, muuguzi wa Muyama, mwanamke wa makamo, mnyoofu wa mgongo na wa maneno. Funguo za ghala alizifunga kwenye pindo la kitenge, kiunoni, hata akiwa amevaa sare. Mtoto wake wa kwanza alikufa kwa surua huko Muyama, zamani, kabla chanjo haijafika kijijini kwao. Aliniambia mara moja tu, tukipanga chupa, na hakuacha kupanga wakati anasema. Tangu hapo nilielewa kwa nini alipima jokofu mara nyingi kuliko ilivyotakiwa, na kwa nini ghala lake ungeweza kula sakafuni.

Mkuu wa kituo, Daktari Mushi, alikuwa mtu wa haraka kutoka Moshi, hodari, asiye na ubaya ila hana subira. Alitaka funguo zishikwe na mtu mwenye cheti kipya cha utunzaji wa chanjo, na tayari alikuwa na kijana wake Dar es Salaam anayesubiri nafasi. Hakuwa na sababu ya kumwondoa Mama Veneranda, kwa hiyo aliisubiri. Alimwambia mbele yetu wote, "Sista, siku yoyote kitu kitakapoenda kombo mle ndani, funguo utaniletea mezani mwenyewe." Mama Veneranda akajibu, "Nitakuletea, Daktari." Tangu siku ile kila mlio wa jokofu ulituweka roho juu.

Gervas ndiye aliyepata wazo la kuitumia mashine. Ilikuwa na tundu la kuchomekea kijiti cha michezo. Sisi michezo hatukuwa nayo, kwa hiyo Gervas akachomeka waya wenye kidude kidogo cha kuhisi joto, ukubwa wa punje ya mahindi, akakitumbukiza ndani ya jokofu. Upande wa pili akaunganisha honi ya lori lililokufa. Programu ilikuwa inapima joto kila mara na kuliandika kwenye televisheni kwa herufi kubwa; likizidi nyuzi nane, honi inalia. Televisheni tuliielekeza dirishani ili mlinzi asome kutoka nje. Vyote vilitumia betri za gari zilizochajiwa na jua, maana jokofu lenyewe lilikuwa la mafuta ya taa na halikuhitaji umeme.

Mama Veneranda alikataa kuigusa. Kila ikiwashwa, mashine ilimuuliza JOTO LA NJE? na kusubiri.

"Kitu kinachoniuliza swali bila kunisalimu, mimi sikijibu," alisema.

Nanyi mnaotoka mikoa mingine mmeshayaona: Mha haingii kwenye shauri moja kwa moja. Anasalimu, anapiga makofi taratibu, anauliza nyumbani, anauliza watoto, anauliza ng'ombe, ndipo shauri linapata njia. Mimi wa Tanga nilidhani tunajua kusalimiana mpaka nilipofika Kasulu. Gervas hakubishana. Akaongeza mstari mwanzoni, na kesho yake mashine ikaamkia kwa Kiha, MWAKEYE MAMA VENERANDA, ikatulia kidogo, ndipo ikauliza joto. Mama Veneranda akavuta kiti. Daktari Mushi, ambaye kila asubuhi huingia akisema "Sista, joto?", aliiona ile salamu akaguna.

Basi wakawa marafiki, yeye na mashine. Alijifunza kuwasha, kupakia kaseti, hata kuandika mistari. Na kwa kuwa salamu ni ya pande mbili, alimuuliza Gervas jinsi ya kuijibu. Gervas akamfundisha REM. Mstari ukianza na REM, mashine inauacha. Ni mahali pa mtu kuandika maneno yake ya kibinadamu, ya kujikumbusha au ya kujifurahisha. "Andika chochote hapo, mama, haitagusa," alisema. Na kweli haikugusa.

Shida ikaja upande wa honi. Kila Mama Veneranda alipofungua jokofu kutoa chupa, hewa ya nje ilikigusa kidude, na honi ikalia. Ofisi ya Daktari ilikuwa ukuta wa pili. Alimwaga chai mara ya kwanza, ya pili, ya tatu akaja mwenyewe akasema televisheni hiyo itaenda stoo na mwenye nayo ataenda nayo. Gervas wakati huo alikuwa Kibondo akitengeneza majokofu ya huko, kwa hiyo tukamwita kwa redio ya upepo. Akasema dawa ni ndogo: mashine ipime mara kumi mfululizo, na kama bado ni joto ndipo ilie. Mama Veneranda akae mbele ya kicharazio, yeye atamsomea mstari wa mia mbili upya, herufi kwa herufi.

Nilikuwa nimeshika kipaza sauti. Gervas akasoma, Mama Veneranda akaandika kwa kidole kimoja, mashine ikapokea bila kulalamika. Tukafungua mlango wa jokofu kujaribu. Honi ikanyamaza. Tukaufunga, tukaufungua tena, kimya. Daktari akatoka ofisini kikombe kimejaa, akasema, "Hapo sasa, Sista." Lilikuwa neno zuri la kwanza nililowahi kumsikia akimwambia, na Mama Veneranda alitembea na neno lile siku nzima usoni.

Honi ikaendelea kunyamaza, nasi tukaendelea kufurahi. Ndipo zikaletwa chanjo za surua kwa ajili ya Mtabila, jokofu likajaa, na kazi ya kuchanja ikapangwa Jumanne.

Jumapili ilikuwa Idi. Nilitoka kuswali, nikapakua pilau kwenye bakuli, nikaenda nalo ghalani kwa ajili ya mlinzi, mzee Leonidas, ambaye dini yake ni nyingine lakini kwa pilau hana ubaguzi. Nilimkuta amekaa kivulini anasikiliza mpira. Nikachungulia dirishani kwa mazoea. Televisheni ilikuwa imeandika, kwa utulivu mkubwa: MWAKEYE MAMA VENERANDA. JOTO 11.

"Mzee Leonidas," nikasema, "hiyo kumi na moja umeiona?"

"Nimeiona. Ilikuwa tisa, ikawa kumi. Nasubiri honi," akajibu. "Mliniambia nisifanye kitu mpaka honi."

Mlango ulikuwa umefungwa, funguo ziko kiunoni kwa Mama Veneranda, na Mama Veneranda yuko kanisani. Nilimwachia mzee bakuli nikakimbia nikiwa na gauni langu la Idi na hina mikononi, nikaingia kanisani katikati ya mahubiri, nikapita njia ya kati mpaka benchi la mbele. Padri alinyamaza. Sikusalimu mtu. Nilimnong'oneza Mama Veneranda neno moja, "Kumi na moja," naye akatoka bila kupiga goti, jambo ambalo padri aliendelea kulitaja kwa muda mrefu.

Utambi wa jokofu ulikuwa umejaa masizi, moto umezimika. Ndani bado kulikuwa na ubaridi kidogo, lakini unaondoka. Mama Veneranda alitoa masanduku ya baridi akaniambia nitafute barafu, na Kasulu siku ya Idi barafu ilikuwa sehemu moja tu: kwenye friza la Mzee Sefu, muuza soda, aliyekuwa na wageni kutoka Ujiji. Nilimkuta anamimina juisi. Nilipomweleza alilitazama jagi, akawatazama wageni, kisha akafungua friza lote. Wageni wa Mzee Sefu walikunywa juisi ya moto Idi ile na hawakuacha kunikumbusha.

Tulihamisha kila chupa. Kila moja ina alama ndogo, duara lenye kimraba cheupe ndani, na joto likizidi kimraba kinakuwa cheusi. Kikishalingana na duara chupa ni ya kutupa. Mama Veneranda alizishika moja moja kwenye mwanga wa mlango. Alipomaliza ya mwisho alikaa chini sakafuni, na sare yake nyeupe, akasema, "Zote hai." Nami nikakaa hapo hapo na gauni langu la Idi, nikalia kidogo kwa furaha.

Lakini honi haikulia, na hilo lilijulikana. Daktari alikuwa Kigoma mjini. Alipata habari kwa redio, akasema atafika Jumatatu saa nne na atataka kumwona aliyesababisha. Mama Veneranda usoni alikuwa mkavu, ila nilimwona analigusa pindo la kitenge kila baada ya muda, na niliumia kumwona.

Gervas alifika na lori kutoka Kibondo Jumatatu ile, asubuhi mapema. Akapima honi kwa betri, nzima. Akapima waya, nzima. Kidude kizima. Akaketi akaiamuru mashine ionyeshe programu, mistari ikapanda kwenye televisheni mmoja mmoja, mpaka wa mia mbili:

200 REM MWAKEYE : IF J>8 AND N>10 THEN GOSUB 500

Gervas alicheka, kisha akaacha kucheka. Kwa kawaida alama ile ya nukta mbili inatenganisha amri mbili katika mstari mmoja. Mashine inamaliza ya kwanza inaingia ya pili. Lakini ikikutana na REM haiendelei kusoma. Haitafuti nukta mbili wala kitu kingine, inaruka mpaka mstari unaofuata. Mama Veneranda, akirudishwa kwenye mstari wa mia mbili, alifanya ambacho mtu yeyote wa Muyama angefanya: alisalimu kwanza, ndipo akaeleza shida. Mashine ikasikia salamu, ikaondoka. Amri ya kuliza honi ilikuwa imesimama pale nyuma ya MWAKEYE tangu siku tuliyoshangilia ukimya.

"Atanyang'anywa funguo," nikasema.

"Kwa salamu," Gervas akasema. "Haiwezekani."

Akauandika upya mstari wa mia mbili bila salamu. Kisha akachukua koleo, akaushika waya wa honi mahali unapopita chini ya meza, akaanza kuutafuna kidogo kidogo, huku na huku, mpaka ukakatika ukiwa na mikwaruzo midogo midogo. Alikuwa fundi kweli. Hata panya mwenyewe angeuamini. Mimi nikaona kazi haijakamilika. Bakuli langu la jana lilikuwa bado kwa mzee Leonidas, lina punje zimebaki pembeni, nikazimwaga chache chini ya meza, panya wetu asije akaonekana amekuja bila sababu.

Daktari aliingia saa nne, Mama Veneranda nyuma yake. Funguo alikuwa ameshazifungua kiunoni, amezifunga kwenye leso, tayari.

"Joto jana lilifika kumi na moja na honi haikulia," Daktari akasema. "Nani ananieleza?"

Gervas akainama akauvuta waya. "Panya, Daktari. Ameukata hapa."

Daktari akachuchumaa. Aliuangalia waya, akaziangalia punje, na nikaona mabega yake yanashuka. Mtu wa haraka hupenda sababu iliyo wazi. "Panya," akasema. "Basi. Panya simwezi. Wekeni mtego, tuendelee na kazi."

Tulikuwa tumeshavuka. Niliitazama leso mkononi mwa Mama Veneranda nikawa naisubiri irudi kiunoni.

"Panya gani?" Mama Veneranda akauliza.

"Huyu aliyekata waya, mama," Gervas akasema, macho yake yakimwomba.

"Katika ghala langu?"

Mama Veneranda akapiga magoti, akaupitisha waya kwenye kidole gumba. Akaokota punje moja, akainusa.

"Panya huyu anakula pilau ya iliki," akasema, akanitazama mimi. Nikaitazama dari. "Miaka yote hii nimefagia ghala hili kwa mkono wangu. Sijawahi kuona hata kinyesi cha mjusi. Leo mnaniletea panya mbele ya Daktari. Gervas, sema ukweli."

Gervas alijikuna, akaangalia bisibisi yake, mwishowe akasema. Akaeleza habari ya REM, ya nukta mbili, na ya mashine inavyoruka. Alisema kwa sauti ya chini, kwa heshima.

"Kwa hiyo mimi niliisalimu," Mama Veneranda akasema, "nayo ikaona mazungumzo yameisha."

"Ego, mama," Gervas akakubali.

"Wala haikulalamika."

"Haina jinsi ya kulalamika. Kwake hakuna kosa."

Mama Veneranda akasimama, akajifuta magoti, akaiweka leso mezani mbele ya Daktari na kuifungua.

"Daktari, aliyenyamazisha honi ni mimi. Niliisalimu mashine kabla ya kuiagiza. Andika hivyo. Lakini ghala langu halina panya, na hilo nalo uliandike."

Nilitamani sakafu inimeze, na papo hapo nilikuwa nabana kicheko, na chini ya kicheko nilikuwa na hasira naye. Tulikuwa tumemwokoa, naye amejirudisha mwenyewe kwa ajili ya panya.

Daktari hakuzigusa funguo. Alikaa juu ya sanduku tupu la chanjo, akauliza chupa ngapi zimeharibika.

"Hakuna."

"Umehakikisha?"

"Moja moja."

"Barafu ilitoka wapi?"

"Kwa Mzee Sefu. Barafu ya Idi."

Nje mzee Leonidas alikuwa anamweleza mpita njia jinsi alivyogundua hatari.

"Gari la Mtabila linatoka kesho saa kumi na mbili asubuhi," Daktari akasema mwishowe. "Mimi sijui hata sanduku lipi lina nini. Chukua funguo zako, Sista." Akainuka, akasimama mlangoni. "Ila ripoti lazima iende. Niandike nini kwenye sababu?"

"Andika salamu," Mama Veneranda akasema.

"Makao makuu wataniuliza maana yake."

"Waambie waje, tutawaeleza. Lakini wakija wasianze na joto."

Daktari alitoka, na nilimsikia anacheka uani, kicheko kifupi cha mtu asiyezoea. Yule kijana wake wa Dar es Salaam, nilisikia baadaye, alipata kazi Morogoro.

Mama Veneranda alifunga funguo kiunoni, akavuta kiti mbele ya kicharazio. Gervas akamshauri kwamba kama lazima asalimu, aweke amri kwanza na REM mwishoni mwa mstari. Hapo mashine itakuwa imeshatekeleza. Mama Veneranda akamgeukia.

"Nani anasalimu akiwa anatoka?"

Akaandika, kwa kidole kimoja, mstari wa mia moja tisini na tisa: REM MWAKEYE. Peke yake, hauna kingine. Hii ndiyo sababu, kwa wale mliorithi programu zangu na kulalamika, maelezo yote ya REM nimeyapa mstari wa peke yake, nanyi muendelee hivyo hivyo. Kisha akamwamuru Gervas auunge waya alioutafuna, na mimi nichukue ufagio.

Waya ulipoungwa, Mama Veneranda alifungua jokofu, akakitoa kile kidude, akakifumbata kiganjani. Televisheni ikaanza kupanda: tano, saba, nane, tisa. Mashine ikapima, ikapima tena, na tena. Mama Veneranda alikuwa amekaza ngumi, anaangalia honi na si televisheni, na midomo yake ilikuwa inahesabu.

Honi ikapasuka. Ilikuwa honi ya lori la tani nyingi, ndani ya chumba kidogo. Vioo vilitetemeka, kuku wa jirani walipanda juu ya paa, na tuliambiwa baadaye kwamba sokoni watu walijisogeza pembeni ya barabara wakitafuta lori. Daktari alitokea mlangoni na kikombe kitupu mkononi, mbele ya shati chai tupu. Gervas akamfanyia Mama Veneranda ishara kwamba inatosha, imethibitika, aachie.

Hakuachia. Machozi yalikuwa yanamshuka waziwazi, ngumi bado ameibana kifuani.

"Iacheni ilie," akasema.